Wasomaji Wauliza: Nilikopa Kabla ya Miaka 18, Nani Alipe?

Shikamooni wahariri. Nina miaka 22, naishi Temeke. Nikiwa na miaka 17 na miezi minane nilikopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwetu, riba asilimia 20 kwa mwezi, niuze viatu vya mtumba. Nililipa 180,000, biashara ikafa. Sasa anadai 1,450,000. Ameniita niende kwa mjumbe ili nisaini karatasi ya kukiri deni, nisipokwenda ananipeleka polisi. Rafiki zangu wanasema nilikuwa mtoto, kwa hiyo sidaiwi kitu. Ni kweli? Na mbele ya Mungu je?

Marahaba, mdogo wetu. Kwa upande wa mahakama, rafiki zako wako sahihi. Kwa upande wa dhamiri wamekuharakisha.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema katika vifungu vya 10 na 11 kwamba mkataba unafungwa na watu wenye sifa ya kufunga mkataba, na sifa ya kwanza ni kuwa mtu mzima. Utu uzima kwetu unaanza siku ya kutimiza miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamwita mtoto kila aliye chini ya umri huo. Makubaliano ya mkopo na mtu wa miaka 17 ni batili tangu siku yalipofanyika. Kinachotazamwa ni tarehe mliyokubaliana. Umri wako wa leo hauingii kwenye hesabu, wala haisaidii kitu kusema kwamba ilikuwa imebaki miezi minne tu. Na makubaliano yakishakuwa batili, riba yake haina pa kushika: ile 1,450,000 ni namba iliyoandikwa daftarini, haina mkataba nyuma yake.

Sasa hiyo karatasi. Usiisaini. Makubaliano ya utotoni hayawezi kuhuishwa kwa kuyakiri ukubwani, kwa sababu hakuna kilichokuwa hai cha kuhuisha. Lakini fikiria itakavyoonekana mbele ya hakimu: tarehe mpya, sahihi ya mtu wa miaka 22, shahidi ni mjumbe, na mahali popote hapaonyeshi kwamba fedha ilitoka ukiwa mtoto. Mzigo wa kufukua ukweli utakuwa wako. Hatari zaidi ni akikuongezea hata 50,000 mpya na kuichanganya na deni la zamani kwenye karatasi moja, maana hapo kuna mkopo halisi wa mtu mzima, na kutenganisha cha jana na cha leo kutakula muda na fedha zako. Kama utaandika chochote, iandikwe tarehe uliyokopa, umri wako siku ile, kiasi ulichopokea mkononi na kiasi ulichokwisha kulipa. Asiyekubali mistari hiyo minne anajua kwa nini haitaki.

Polisi si wakusanya madeni. Kutolipa mkopo ni shauri la madai, na hata mtu mzima hawezi kufungwa kwa deni bila kwanza kuwepo hukumu ya mahakama na taratibu zake. Jambo hugeuka la jinai pale tu penye udanganyifu, kwa mfano aliyekopa akiwa ametumia kitambulisho cha mtu mwingine. Ukiitwa kituoni, nenda na cheti chako cha kuzaliwa na maelezo mafupi yaliyoandikwa, na usisaini ahadi ya malipo pale kaunta.

Akikushtaki, samansi ikifika usiitupe. Mahakama haijui umri wako mpaka uuseme, na wengi wanashindwa kesi ya aina hii kwa sababu hawakufika, hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ndiyo ushahidi mkuu. Kama hunacho, anza kukifuatilia leo, na huku ukusanye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama unacho, na rekodi za shule.

Muulize pia mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 haimruhusu mtu kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, na wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Yeye alikutoza karibu mara sita ya hapo.

Hukusema kama ulimdanganya umri. Hata hivyo jibu la sheria halibadiliki sana. Mwaka 1914 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Leslie dhidi ya Sheill, ambapo kijana alidanganya kuwa ni mtu mzima akakopeshwa pauni 400. Majaji walikataa kumlazimisha kulipa: kitu kile kile kikiwepo kinaweza kurudishwa, lakini fedha iliyokwisha kutumika, kuidai ni kuutekeleza mkataba kwa mlango wa nyuma. Na Sheria yetu ya Mikataba imefuata ile ya India ya mwaka 1872, ambayo katika kesi ya Mohori Bibee ya mwaka 1903 ilitafsiriwa hivyo hivyo, kwamba makubaliano ya mtoto ni batili kabisa.

Kuhusu Mungu. Sheria imechora mstari mmoja wa miaka 18 ili isilazimike kumpima kila mtoto akili. Dhamiri haina mstari huo. Inapima ulielewa nini na ulipokea nini. Mtoto wa miaka 10 aliyepewa fedha na mtu mzima hadaiwi popote. Kijana wa miaka 17 na miezi minane aliyehesabu noti, akanunua mtumba na kuuza, alielewa. Ulipokea 300,000, umerudisha 180,000, imebaki 120,000. Hiyo, kwa maoni yetu, ni haki yake na ulipe. Riba ya asilimia 20 iliyotozwa kwa mtoto haikuwa haki tangu mwanzo, na huna sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake. Waislamu wanasoma katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, kwamba hata mali ya yatima mwenyewe hakabidhiwi mpaka ionekane busara yake, kwa hiyo anayemkabidhi mtoto deni naye ana la kujibu. Wakristo wanasoma katika Warumi 13:8, “Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana.” Maandiko yote mawili yanakuelekeza kwenye ile 120,000, na hakuna linalokuelekeza kwenye 1,450,000.

Lipa kwa awamu unazoziweza, hata 20,000 kwa mwezi kwa miezi sita, na ulipe kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Kabla ya awamu ya kwanza mwandikie kwamba unarudisha salio la fedha uliyopokea ukiwa chini ya miaka 18, na kwamba hukiri riba.

Swali la pili: Mimi ni mama wa watoto watatu, Tabata. Mwanangu wa miaka 13 huwa namtuma dukani, mwenye duka anaandika kwenye daftari, nalipa mwisho wa mwezi. Mwezi huu nimekuta 64,000 badala ya 30,000. Mtoto alikuwa anajichukulia soda, chipsi na vocha. Nalazimika kulipa?

Mama, vile ulivyomtuma ni deni lako moja kwa moja. Sheria ya Mikataba inaruhusu hata mtoto kuwa wakala wa mtu mzima: anayefungwa ni aliyemtuma, mtoto mwenyewe hawajibiki. Ugumu uko kwenye zile 34,000. Kama kwa miezi kadhaa umekuwa ukilipa kila kilichoandikwa bila kuuliza, mwenye duka ana hoja ya kusema kwamba ulimfanya aamini mtoto ana ruhusa yako kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Hoja hiyo inabeba soda na labda chipsi. Kwa vocha inadhoofika, hasa kama hujawahi kumtuma vocha.

Kaeni na daftari, mpitie mstari kwa mstari. Lipa ulivyotuma, zungumzeni vya katikati. Kisha, siku hiyo hiyo, mwambie mwenye duka kwa ujumbe wa simu: “Kuanzia leo mtoto asipewe kwa mkopo bila mimi kupiga simu.” Ujumbe huo ukishamfika, atakachompa mtoto baada ya hapo amempa kwa hiari yake. Maneno ya mdomo yanasahaulika, ndiyo maana tunasema ujumbe.

Mtoto naye asiachwe hivi hivi. Miaka 13 inatosha kuelewa kwamba alitumia jina la mama yake, na kumwambia aende mwenyewe kumwomba radhi mwenye duka ni malezi mazuri kuliko kiboko.

Swali la tatu: Mdogo wangu ana miaka 17, anaendesha bodaboda ya mkataba huku Mbagala. Hesabu 10,000 kwa siku kwa miezi 14, kisha pikipiki iwe yake. Mwezi wa saba imeibwa Rangi Tatu. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, anataka mama alipe 2,800,000 kwa sababu jina lake liko kwenye mkataba.

Kabla ya yote chukueni nakala ya mkataba mtazame jina la mama limeandikwa wapi. Kuna watatu wanaosaini karatasi hizi, mkopaji, mdhamini na shahidi, na watu wengi husaini bila kusoma wamewekwa kwenye mstari gani. Shahidi anathibitisha tu kwamba aliona watu wakisaini, hadaiwi senti. Kama mama ni shahidi, mwambieni tajiri hivyo kwa maandishi na suala la mama liishie hapo. Mzazi hawajibiki kwa mkataba wa mwanawe eti kwa sababu tu ni mzazi.

Kama mama ni mdhamini, hali ni nzito. Yeye ni mtu mzima na ameweka ahadi yake mwenyewe. Msitegemee kwamba utoto wa mkopaji utamkinga, pelekeni karatasi kwa mwanasheria kabla hajajibu chochote wala kulipa kidogo cha kumtuliza tajiri.

Mdogo wako hafungwi na mkataba wenyewe. Lakini batili inakata pande zote mbili: tajiri hawezi kudai hesabu zilizobaki, na kijana hawezi kudai pikipiki kwa sababu ya miezi saba aliyolipa. Pikipiki ni ya aliye kwenye kadi ya usajili, na ikipatikana inarudi kwake. Hakikisheni wizi umeripotiwa na mna namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, kwa sababu bila hiyo tajiri anaweza kugeuza maneno na kusema kijana ameiuza, na hilo ni jinai. Mwenye miaka 17 anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kinga kamili ya umri ni kwa walio chini ya miaka 10, na wenye miaka 10 lakini chini ya 12 lazima ithibitishwe kwamba walijua wanakosea.

Tunaongeza jambo ambalo hamkuuliza. Kama ingekuwa ajali yenye majeruhi, utetezi wa mkataba batili usingesaidia, kwa kuwa madai ya kumdhuru mtu kwa uzembe hayatokani na mkataba. Mtoto anashtakiwa kwa jina lake, mahakama ikimteulia mlezi wa kusimamia shauri. Tajiri aliyemkabidhi pikipiki mtoto asiye na leseni naye angeingizwa, na kampuni ya bima ingepata sababu ya kukataa. Tunamwona tajiri wenu kama mwenye sehemu kubwa ya lawama hii. Alijua umri, akachukua hesabu ya kila siku miezi saba, na sasa anataka hasara yote ikae kwa mama.

Swali la nne: Laini ya mwanangu wa miaka 16 imesajiliwa kwa alama zangu za vidole. Nimekuta deni la Songesha, mkopo mdogo wa M-Pesa, na wiki iliyopita programu moja ya mikopo imetuma ujumbe kwa watu wangu wote kuwa mimi ni mwizi. Kumbe alitumia namba yangu ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Niko Kimara.

Pole sana, mama. Hapa kuna madeni mawili yasiyofanana.

La Songesha litakusumbua zaidi ya unavyotarajia. Kwa kampuni ya simu mteja ni wewe, kwa sababu usajili ni wako na muamala umethibitishwa kwa namba ya siri. Fedha yoyote ikiingia kwenye laini ile deni linakatwa lenyewe, na ada huongezeka siku zinavyokwenda. Lilipe mapema lisikue, kisha piga huduma kwa wateja waifunge huduma hiyo kwenye laini ya mtoto, na badilisha namba ya siri. Piga *106# uone laini zote zilizo chini ya kitambulisho chako. Usiyoitambua omba ifutwe.

La programu ni jingine. Wewe hukukubaliana nao, na aliyekubaliana nao ni mtoto, kwa hiyo hawana mkataba na yeyote kati yenu. Ila usinyamaze, kwa sababu kunyamaza kunaacha jina lako kwenye taarifa za wakopaji, na utakuja kulikuta siku unaomba mkopo benki. Piga picha za skrini za kila ujumbe, zionekane tarehe na namba. Waandikie wenye programu kwamba hukukopa, aliyetumia taarifa zako ni mtoto wa miaka 16, wakuondoe kwenye kumbukumbu zao. Kisha angalia kama wana leseni ya Benki Kuu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Wenye leseni, lalamika kwao kwanza na wasipokujibu peleka lalamiko Benki Kuu. Kuhusu ujumbe kwa ndugu na majirani, hilo ni la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kuvuna majina kwenye simu ya mtu na kumvunjia heshima si njia halali ya kudai, hata deni likiwa la kweli.

Kwenda polisi kuchukua RB ni ushauri wa kawaida, na tunautoa kwa tahadhari. Mtumiaji wa kitambulisho chako ni mwanao, na maelezo yako yanaweza kumfikisha Mahakama ya Watoto pale Kisutu. Zungumza kwanza na msaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wote wako Dar es Salaam na wanatoa msaada kwa wasio na uwezo.

Fedha aliyopata, kama bado ipo au alinunua kitu, irudishwe. Kama ameila, mpangie kazi za nyumbani au za likizo afidie kidogo kidogo kile ulicholipa Songesha. Usimlipie kimya kimya.

Swali la tano: Nina duka la sare Kariakoo. Kijana wa miaka 16 anayejitegemea nilimkopesha sare mbili na viatu, 85,000, pamoja na jezi tatu za mpira, 60,000. Hajalipa. Nimepoteza zote?

Hapana, kaka. Aliyempatia mtoto mahitaji ya lazima yanayolingana na maisha yake anaweza kufidiwa, ingawa mkataba haupo. Ila kuna masharti matatu. Unafidiwa bei ya haki ya kitu, hata kama mlikubaliana zaidi. Unafidiwa kutoka kwenye mali ya mtoto, kwa hiyo asiye na mali hana cha kukatwa. Na ni wewe wa kuthibitisha kwamba alikihitaji wakati ule.

Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wauzaji. Kesi inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria ni ya Nash dhidi ya Inman, ya mwaka 1908. Fundi nguo wa London alimshtaki mwanafunzi wa Cambridge kwa nguo zilizojumuisha vizibao 11 vya kifahari. Alishindwa, maana baba wa kijana alikwisha mpatia nguo za kutosha. Nguo ni hitaji, lakini kizibao cha kumi na moja si hitaji.

Kwa hiyo sare na viatu una hoja nzuri, kama alikuwa anasoma na hakuwa na nyingine. Jezi ziandike hasara, au mwombe azirudishe kama bado anazo. Siku nyingine ukimkopesha mwanafunzi, andika jina la shule na darasa kwenye stakabadhi, tenganisha vya lazima na vya anasa, na mpate mzazi au mlezi asaini kama mnunuzi. Kusaini kama shahidi hakukusaidii.

Swali la sita: Nilipokuwa na miaka 15 mama mmoja muuza chakula Buguruni alikuwa akinikopesha wali nikitoka shule. Nilimwachia deni kama 40,000 nikahama. Sasa nina kazi, nimeenda kumlipa, nimeambiwa amefariki. Nimpe nani?

Chakula cha mtoto mwenye njaa ni hitaji la lazima pasipo ubishi, kwa hiyo hili si la dhamiri peke yake. Na anayedai akifariki deni haliondoki naye: linaingia kwenye mirathi yake.

Mlipe msimamizi wa mirathi, yule aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuiona hati ya usimamizi, mlipe mbele ya mtu mmoja zaidi wa familia, na upewe stakabadhi yenye jina la marehemu. Usimpe mtoto mmojawapo au shemeji kwa sababu tu ndiye uliyemkuta nyumbani. Huyo akiila, wenzake bado wanakudai. Kama hawajafungua mirathi, waachie namba yako na maandishi mafupi ya kiasi unachodaiwa, uitunze fedha pembeni mpaka msimamizi apatikane. Kiasi chenyewe umesema “kama 40,000”. Kama hakuna daftari la kuthibitisha, kadiria kwa kuzidisha kidogo.